Ramani Isiyo na Maneno

Karatasi yangu ya kwanza niliibandika ukutani mwa mgahawa wetu wa mtaa wa Xiaobei, karibu na beseni la kunawia mikono, nikiamini kwamba mtu anayesubiri zamu ya kunawa hana budi kusoma kilicho mbele ya macho yake. Ilikuwa karatasi nzuri. Nilieleza kwa Kiswahili cha kawaida mvua kubwa za Guangzhou huja majira gani, mji hutoa onyo la rangi gani kwa mvua ya namna gani, maji hujaa wapi kwanza, na mwenye mzigo afanye nini kabla maji hayajamfikia. Nilikwenda aya kwa aya, bila haraka. Ndivyo nilivyo. Siamini kama kuna mtu asiyeelewa; naamini kuna mtu ambaye bado hajaelezwa vizuri.

Nilipopita tena nilikuta kona moja imechanwa. Mtu alikosa kitambaa cha kukaushia mikono. Nikabandika nyingine juu kidogo, pasipofikika kwa mkono wenye maji, na hiyo nayo ikakaa pale hadi mvuke wa sufuria za supu ukaipinda kama jani kavu. Nilikuwa nikila hapo karibu kila Ijumaa na sikuona hata siku moja mtu akisimama kuisoma. Walizisoma meza za pembeni, yaani vyakula vya wenzao. Waliisoma televisheni, ambayo ilisema Kichina ambacho wengi wetu hatukukifuata. Karatasi yangu, la.

Hiyo ilikuwa miaka ambayo mji ulijengwa mbio mbio, ukienda likizo mwezi mmoja unarudi huoni duka ulilolizoea, na wafanyabiashara kutoka kwetu walikuwa wakimiminika kila wiki. Wakati wenzangu wakipakia simu na viatu, mimi nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya pili kwa ufadhili wa serikali, nikisomea hali ya hewa na maafa yake. Na karatasi ile sikuibandika kwa wema peke yake. Nilikuwa nimetumwa.

Profesa wangu, mzee mpole aliyetembea na chupa yake ya chai kila alikokwenda, alikuwa akifuatilia swali moja kwa miaka: onyo linalotolewa kwa watu wote, liandikwe au lichorwe? Mifano aliyoipenda kuliko yote haikuwa ya mvua. Ilikuwa ya theluji. Alikusanya taarifa za maporomoko ya theluji kutoka nchi za milima mirefu, za zamani na za sasa, akatuwekea mezani sisi wanafunzi wake tuzichambue. Mimi ambaye theluji yangu yote niliijua kwenye friza ya bucha nilikaa nikichambua hatari za mlimani katika mji ambao watu hulala na feni.

Nieleze kidogo, maana jambo lenyewe si gumu. Theluji mlimani haikai kama mchanga wa lundo moja. Inaanguka leo, inaanguka tena siku nyingine, tabaka juu ya tabaka, na yapo matabaka yasiyoshikana na wenzao. Uzito ukizidi, au mtu akikatiza hapo, tabaka la juu linakatika na kuteleza lote kwa pamoja, likishuka na kila kilicho njiani. Kwa hiyo wataalamu wa huko hutoa taarifa kila siku. Zamani ilikuwa maelezo matupu, aya na aya. Baadaye wakaanza kuchora. Wakaweka mlima mdogo uliopakwa rangi, namba kubwa ya daraja la hatari, na duara lililokatwa vipande kama chapati, kila kipande ni upande mmoja wa dira. Kipande kilichopakwa weusi ndio upande wa mlima wa kuogopa siku hiyo. Mtu anatazama mara moja, anaelewa, anaondoka.

Darasani tuligawanyika. Wengi walikuwa upande wa michoro. Mimi nilisema mchoro unakuambia hatari ni kubwa kiasi gani, lakini haukuambii ufanye nini, na mtu anayeogopa bila kujua la kufanya hajasaidiwa sana. Profesa alinisikiliza hadi mwisho, akanywa chai yake, akasema mawazo yangu ni mazuri lakini ni mawazo. Niende nikajaribu kwa watu wetu, kwa mvua za hapa hapa. Nianze na maneno, kisha michoro, nimletee jibu.

Ndipo nikabandika khutba yangu kwenye beseni. Neno khutba si langu; nitafika hapo.

Kabla ya kufika, nimtaje shangazi. Hakuwa shangazi yangu wa damu. Alikuwa mama wa Unguja aliyekuja Guangzhou kununua vitambaa tangu kabla sijafika mimi, na kila kijana wa Kiswahili mjini alimwita hivyo, na yeye alituita wote wanangu, hata wenye mvi. Akiwa mjini nilimsindikiza mara kwa mara hadi Kangle kumsaidia Kichina. Kangle ni kijiji kilichomezwa na mji, ng'ambo ya mto, vichochoro vyembamba vimejaa vyumba vya mafundi cherehani, na ubavuni mwake ndiko yaliko masoko ya vitambaa.

Siku moja katika duka la satini aliniuliza ninasomea nini hasa, maana mama yangu akimuuliza huko nyumbani atamjibu nini. Nikamweleza theluji kwa kitambaa kilichokuwa mbele yetu. Majora ya satini yalipangwa moja juu ya jingine. Nikamwambia, shangazi, chukulia kila jora ni theluji ya siku moja. Pamba ingeshikana na pamba. Satini juu ya satini haishikani. Akanyoosha kidole, akalisukuma jora la juu kidogo tu, na rundo zima likateleza likamwagika sakafuni hadi miguuni mwa mwenye duka. Mwenye duka alipiga kelele. Shangazi alicheka mpaka akashika meza.

"Basi mwambie mama yako," akasema, "mimi ndiye niliyeuza theluji Darajani miaka yote hii."

Tukaokota majora yote na kuyapanga upya, na tangu siku hiyo alinitania kwa jina la Bwana Theluji.

Safari ninayoisimulia hakuja kwa biashara. Alikuja kwa ajili ya harusi ya binti yake mdogo. Alikuwa ameahidi sare za wanawake wa pande mbili, kwao na kwa wakwe. Upande wao ulitaka zambarau, hilo halikuwa na shida. Wakwe walichagua kijani, na walimpa kipande kidogo cha kufananishia, akakibeba ndani ya pochi. Tulizunguka soko zima tukiitafuta ile kijani. Kila duka lilikuwa na kijani, na kila kijani ilikuwa si ile. Tulipoipata hatimaye, mwenye duka alitutolea yote aliyokuwa nayo, na shangazi alipoomba akiba kidogo zaidi akajibiwa mei you, hakuna, neno la kwanza analojifunza kila mfanyabiashara hapa. Nilimuuliza vizuri. Akanieleza kwamba rangi hupikwa kwa sufuria moja kubwa. Sufuria ile ikiisha, ya pili haitoki sawa hata wapishi wawe wale wale.

Shangazi alielewa bila mimi kufasiri. Kwetu, wakwe wakikaa kwenye mkeka wamevaa kijani mbili, hakuna atakayesema neno, na wote watasema baadaye. Na atakayesemwa ni mama wa bibi harusi, kwamba aliwanunulia wakwe mabaki.

Marobota yakafungwa na kuwekwa kwa mfungaji mizigo pale Kangle, chumba cha chini, yakisubiri wakala wa usafirishaji ajaze kontena yake na kutuma lori la kuyapeleka bandarini Huangpu. Zambarau juu, kijani chini, kwa sababu mfungaji aliiona kijani nzito, ingawa ilinunuliwa mwisho.

Sasa mwenyekiti. Jumuiya yetu ilikuwa na mwenyekiti, mtu wa Dar aliyeuza simu, ambaye kabla ya simu alikuwa mchoraji wa mabango ya saluni na gereji. Alikuwa mcheshi, mwenye mkono mzuri, na alipenda kuniita mwalimu kwa namna ambayo sikuwa na hakika kama ni heshima. Nilipomlalamikia kwamba watu hawasomi, alinitazama kwa huruma ya kweli.

"Mwalimu, ile si karatasi, ile ni khutba. Mtu hasomi. Mtu anatazama. Saluni haiandiki 'tunanyoa vizuri'. Inachora kichwa."

Nikamwambia sawa, tuchore. Hata kwa profesa ilikuwa zamu ya michoro. Na hapo ndipo nilipoanza kuchoka, na uchovu wenyewe haujaisha hadi leo ninapoandika.

Alichora ramani ya mji kwenye ubao mwembamba, na lazima niseme ilipendeza. Mto aliupaka buluu ukipinda katikati, mitaa akaigawa kwa mistari minene, na kila eneo likapata msumari wa kutundikia kadi ya rangi. Mji wenyewe ulitoa onyo lake kwa njano, chungwa na nyekundu. Mimi ningegawa rangi kwa maeneo kufuatana na mabonde na mifereji, nipige simu mgahawani asubuhi, na mwenye mgahawa, Mchina Mwislamu wa kaskazini aliyekuwa amejifunza kusema "maji ya moto" na "hakuna deni", angetundika kadi. Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa kimoja. Ramani haikuwa na neno hata moja.

Nilimwomba aandike majina ya maeneo. Akasema nikiweka jina moja nitaweka la pili, na mwisho tutarudi kwenye khutba. Nikamwomba basi, chini kabisa, sentensi moja kwa kila rangi. Watu walikuwa wakila na wametega masikio.

"Nyekundu inajieleza," akasema.

"Inasema nini?"

"Inasema hatari."

"Na mtu afanye nini?"

"Aogope."

Meza nzima ikaangua kicheko, na mimi nikacheka, maana alilisema vizuri. Lakini nilirudi bwenini na hasira iliyonikaa kifuani kama tonge kavu. Si kwamba alikuwa mjinga. Alikuwa na haki nusu, na mtu mwenye haki nusu ni mgumu kuliko mwenye kosa zima.

Maana ramani ilitazamwa. Hilo sikatai. Watu walioipuuza karatasi yangu msimu mzima waliiendea ramani kabla hata ya kunawa. Walinyoosha kidole, wakatikisa kichwa, wakaenda kukaa. Profesa nilipompelekea habari alifurahi hadi akasahau kuifunika chai yake.

Baada ya wiki kadhaa niliona kitu ubaoni. Sehemu moja ilikuwa imechakaa. Rangi ilikuwa imetoka, mbao zikaonekana, mafuta ya sambusa yameingia ndani. Ilikuwa Xiaobei, pale pale tulipokaa. Kila mtu aliyeitazama ramani alitafuta mgahawa alimo, akauwekea kidole. Sehemu nyingine zote za mji zilikuwa mpya kama siku ilipochorwa.

Nikaanza kuwauliza watu taratibu, huku tukila. Ramani inakuambia nini leo? Leo hapa njano. Na mzigo wako? Mzigo uko kwa viatu. Kwa viatu ni wapi kwenye ramani? Hapo mtu alicheka kidogo, akatazama ubao kama anayetazama picha ya ukoo wa mtu mwingine. Hakuna aliyejua wilaya kwa majina yake, na kwa nini ajue? Kwetu Guangzhou ilikuwa ni kwa viatu, kwa simu, kwa taa, kwa vitambaa, kwa wakala. Mtu alipanda basi akashuka penye mzigo. Kwamba kwa vitambaa iko upande gani wa mto, hilo halikuwahi kumhusu.

Nilimweleza mwenyekiti, nikamwonyesha pale palipochakaa. Nikamkumbusha lile duara la theluji, kwamba hata wale wa milimani waligundua haitoshi kusema leo mlima una hatari, mtu atauliza mlima upi, upande upi, mimi niko wapi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Watazoea, mwalimu," akasema, akamwita mwenye mgahawa amletee kachumbari.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Asubuhi chuoni niliona mvua inavyojikusanya upande wa kusini, nikapiga simu mgahawani nikataja rangi zangu: njano kwa Xiaobei, ambako kuna mwinuko na mifereji mizuri, na nyekundu kwa upande wa pili wa mto. Nilimwomba arudie, akarudia sawasawa. Shangazi sikumpigia. Nilijua marobota yake yalikwisha kwenda Huangpu. Ndivyo wakala alivyomwahidi mbele yangu mapema wiki ile.

Nilifika mgahawani baada ya sala. Barabara ya Huanshi Zhonglu, nje ya mgahawa, ilikuwa na manyunyu tu, watu wanatembea bila miavuli. Shangazi alikuwa amekaa na chai yake karibu na dirisha, ametulia kama mtu aliye nyumbani kwake. Nikamsalimia, nikamuuliza kama amepata habari kutoka bandarini. Akasema bandarini bado, lori liliahirishwa, wakala amesema kesho.



"Shangazi, mzigo uko wapi sasa hivi?"

"Si kule kule, kwa vitambaa."

"Ramani umeitazama?"

"Nimeitazama, mwanangu. Kwetu njano."

Na akanyoosha mkono akaonyesha, kwa kidole, pale palipochakaa.

Nilimshika mkono, tukasimama mbele ya ubao, nikakipeleka kidole chake chini, nikakivusha mto, hadi kwenye kadi nyekundu. Nikamwambia, hapa ndipo kwa vitambaa. Hakupandisha sauti.

"Hapo?" akasema. "Mbona hawakuandika?"

Mwenyekiti alikuwa meza ya nyuma akila. Alisikia. Aliweka kijiko, akasimama na mdomo bado una wali, akatangulia kushuka ngazi kutafuta teksi.

Tulipovuka daraja mvua ilikuwa nyingine kabisa, kama tumeingia mji wa pili. Dereva alikataa kuingia vichochoroni. Tukashuka tukaingia kwa miguu, maji yakatufika magotini, meusi, yakibeba vipande vya vitambaa na vifungo. Jambo lililoniumiza ni kwamba Kangle yenyewe ilikuwa shwari. Mafundi walikuwa wamepandisha cherehani juu ya meza, vitambaa juu ya cherehani, na wenyewe wamekaa ngazini wakila tikiti maji. Nilimuuliza mmoja walijuaje. Akasema kulipita mtu na kipaza sauti tangu asubuhi: wekeni vitu juu. Basi. Hakuna rangi, hakuna aya. Wekeni vitu juu.

Mfungaji mizigo alikuwa ameinua alivyoweza. Zambarau ilikuwa kavu, ameipandisha juu ya magogo. Kijani robota moja lilikuwa juu ya meza, na la pili lilibaki pale pale, nusu yake majini. Alinieleza kwamba lilimshinda uzito peke yake, na namba ya simu aliyokuwa nayo ilikuwa ya wakala, na wakala hakupokea. Aliomba radhi mara nyingi. Nilimwambia si kosa lake, na nilimaanisha.

Tulilivuta sisi watu wanne hadi ngazini. Kitambaa kikinywa maji kinakuwa kama maiti. Mwenyekiti alikuwa amevaa viatu vyake vya Ijumaa, akatangulia kuliingia chini kwa bega. Na pale katikati ya ngazi, akihema, akasema jambo ambalo nadhani alikuwa akilitafuta tangu kwenye teksi.

"Lakini ramani haikukosea, mwalimu. Nyekundu ilikuwa nyekundu."

"Haikukosea kwa nani?" nikamuuliza, na sauti yangu ilinishangaza mwenyewe. "Nani aliiona?"

Akaanza kujibu, nami nikaanza kumkatiza.

"Nyinyi wawili nyamazeni," akasema shangazi, "shikeni huku."

Tukashika huku.

Juu, katika chumba cha fundi mmoja aliyetupa nafasi, shangazi alikata kamba kwa mkasi, akafungua majora moja moja. Yaliyokuwa katikati ya robota yalipona. Ya pembeni yalikuwa yamenyonya rangi za vitambaa vya majirani, mabaka ya hudhurungi. Akayasuuza katika beseni, akibadilisha maji, na mabaka yakatoka karibu yote. Lakini kijani nayo ikapungua. Alipolinyoosha moja kavu na moja lililosuuzwa pamoja dirishani, hata mimi nisiyejua vitambaa niliona. Akatoa kile kipande cha wakwe kutoka pochini, akakiweka katikati. Kilifanana na moja tu.

Mwenyekiti alikuwa mlangoni akikamua soksi. Shangazi alikunja vyote viwili, mbali mbali.

Jumatatu nilimpelekea profesa habari. Nilimweleza yote, kwa utaratibu, hadi soksi. Akaniuliza maswali yake. Je, mchoro ulitazamwa? Ulitazamwa. Rangi ilieleweka? Ilieleweka. Onyo lilikuwa sahihi kwa eneo lile? Lilikuwa sahihi. Akaandika kwamba mchoro ulifaulu. Nikamwambia, profesa, haukufaulu, kitambaa kimelowa. Akatikisa kichwa kwa upole, akasema anaelewa, lakini kitambaa ni suala la uhifadhi wa mzigo, si la mawasiliano. Kwenye jedwali lake palikuwa na mahali pa mchoro na mahali pa maneno. Mahali pa mtu kujua kwamba anaambiwa yeye hapakuwepo. Nilieleza tena kwa njia nyingine. Nilieleza kwa mfano wa duara. Alinipa chai. Nilitoka ofisini mwake nikiwa na hasira ya mtu ambaye hakuna aliyemtendea ubaya.

Ramani tuliirekebisha wiki ile ile, kabla shangazi hajaondoka. Yeye ndiye aliyetaja, mwenyekiti akaandika kwa ule mkono wake mzuri wa mabango, akinung'unika kila herufi: KWA VITAMBAA hapa, KWA VIATU hapa, KWA SIMU, KWA TAA. Na chini ya kadi nyekundu: Pandisha mzigo juu, usisubiri lori. Alipomaliza alirudi nyuma kuitazama.

"Unaona?" akaniambia. "Khutba."

Lakini aliiacha. Kufikia mwisho wa msimu kila mtu alikuwa ameomba duka lake liongezwe, ubao ukajaa hadi mto ukapotea, na wageni waliofika wapya waliutazama, wakatafuta Xiaobei, wakaweka kidole. Mimi nikabaki kusimama karibu na beseni Ijumaa hadi Ijumaa nikiwauliza: na mzigo wako, ndugu yangu, uko wapi? Hiyo ndiyo njia pekee niliyoiona ikifanya kazi kila mara, na profesa hakuwa na mahali pa kuiweka.

Shangazi alirudi baada ya miezi kadhaa, safari ya biashara, na alikuja na picha ya harusi. Akanipa kabla hata ya kuagiza chai. Wakwe wote wamekaa mkekani kwa safu, kijani mstari mzima, mikono ina hina, wanacheka. Niliitazama kwa makini, nikaipeleka dirishani. Niliona kijani moja.

"Shangazi, mbona imetoka sawa?" nikamwambia, na moyo wangu ukawa mwepesi mara ya kwanza katika jambo lile.

Aliichukua picha mkononi mwangu, akaiweka mezani kati yetu.

"Ukiitazama tu huoni," akasema. Akanyoosha kidole. "Huyu dada wa bwana harusi, kavu. Huyu wifi yake, iliyosuuzwa. Huyu kavu. Huyu mama mkwe mwenyewe." Kidole kikatua. "Iliyosuuzwa. Aliipata kwa bahati mbaya, mgawaji hakuangalia. Hakusema kitu. Mpaka leo hajasema kitu."

Nikatazama tena. Sasa zilikuwa mbili, wazi kabisa, mtu na mtu, na sikuweza tena kuziona kuwa moja.